Tuache kumwaga mafuta ya taa, tuzibe mwanya wa mlango

Ndugu Mhariri,

Mvua za kwanza zinapogonga bati hapa Tabora, mwezi wa Novemba au siku chache kabla yake, mambo mawili huanza kwa pamoja. Nyoka wadogo huingia ndani ya nyumba, na picha za nyoka huanza kuzunguka kwenye simu. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyazungumzie yote mawili, maana hilo la pili ndilo linalowapotosha watu katika lile la kwanza.

Picha inayotumwa kuliko zote ni ya nyoka wa rangi ya mchanga, mwenye vipembe viwili juu ya macho, amejifukia mpaka yamebaki macho tu. Mara atasemwa yuko Ipuli, mara Nzega, mara amevuka yuko Kigoma. Yule ni nyoka wa jangwa la Sahara. Makazi yake ni mchanga wa Misri, Libya, Algeria na nchi za jirani zao, na urefu wake mara nyingi ni kama nusu meta. Tabora si jangwa, ni nchi ya miombo, na nyoka huyo hayupo hapa. Mwingine anayetajwa ni yule anayesugua magamba yake ubavuni mpaka yakatoa sauti kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Huyo naye ni wa nchi kame. Walio karibu nasi zaidi wapo kaskazini mwa Kenya, upande wa Turkana na Marsabit.

Hata hivyo, anayesema ameisikia sauti hiyo kwenye banda lake la kuku huenda hasemi uongo. Tunaye hapa nyoka mla mayai, mwembamba, wa kijivu au kahawia mwenye mabaka mgongoni, anayejikunja na kusugua magamba vilevile ili aogopwe. Mdomoni hana meno ya maana. Hulimeza yai zima, likafika shingoni likapasuliwa na vijimifupa vya uti wa mgongo vinavyochomoza kwenye koo, kisha ganda akalitema limebanwa kama karatasi. Ukikuta ganda la namna hiyo kwenye kiota, umeshamjua mgeni wako. Hasara yake ni mayai, basi.

Wale wa jangwani tunawataja kwa sababu moja zaidi. Sababu inayowaingiza nyoka wadogo kwenye nyumba za Arizona kule Marekani ndiyo hiyohiyo inayowaingiza kwenye nyumba za Kiloleni: ndani kuna ubaridi, kuna unyevu na kuna chakula. Nyoka hamfuati mwanadamu. Anamfuata mjusi kafiri anayewinda wadudu kwenye taa ya barazani. Anamfuata chura aliyejibanza nyuma ya mtungi au chini ya bomba linalovuja. Anamfuata panya aliyefuata gunia la mahindi ulilolilaza chumba cha kulala kwa kuogopa wezi. Na wale wadogo kabisa wanafuata mchwa. Ukitaka kujua ni nyoka gani watakuja kwako, tazama kwanza una nini kati ya hivyo vinne.

Mla mchwa ndiye anayewatisha watu bure kuliko wote. Ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, au mnene kidogo kuliko hapo, mweusi au wa kahawia, anang'aa, kichwa na mkia havitofautiani, na macho yake ni vidoa viwili chini ya magamba. Wazee walimwita ndumilakuwili kwa kudhani ana vichwa viwili, na jina hilo baadaye likahamia kwa wanasiasa. Huyu hula mayai na mabuu ya mchwa na sisimizi. Mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hawezi kumng'ata mtu. Ukimshika hukuchoma kidogo kwa kijimwiba kilicho ncha ya mkia, nacho hakina sumu. Wapo ndugu zao ambao wote ni majike, huzaa bila dume, na wamesambaa duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Anayenunua miche na udongo wake anaweza kuwanunua na hao. Kumtofautisha na mnyoo wa ardhini ni rahisi: mnyoo una pingili na ute, nyoka ni mkavu, ana magamba, na ukimtazama kwa subira atatoa ulimi.

Hapo sasa ndipo penye hatari yenyewe, na ndipo tungependa wasomaji wakae kidogo.

Kuna nyoka mwingine mdogo, mweusi au wa kahawia iliyokolea, anayeng'aa vilevile, urefu kati ya sentimeta 30 na 60, unene wa kidole cha mtoto au cha mtu mzima. Macho madogo. Shingo haionekani, kichwa kimeungana moja kwa moja na mwili. Mkia mfupi unaoishia kwa ncha kali. Anaishi chini ya udongo, kwenye vichuguu na chini ya magogo, na hutoka usiku baada ya mvua, wakati uleule wa kumbikumbi. Wataalamu humwita Atractaspis. Jina hilo linafaa kuandikwa pembeni mwa kalenda, maana daktari atalielewa. Meno yake ya sumu ni marefu sana kulinganisha na kichwa, na anaweza kulichomoza jino moja pembeni ya mdomo bila kuufungua mdomo. Halafu hulivuta kwa nyuma, kama mtu anayekwaruza na kisu.

Maana yake ni hii. Ile njia ya kumkamata nyoka nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, ambayo vijana huiona kwenye video, kwa huyu haifai hata kidogo. Hakuna mahali salama pa kumshika. Atageuza shingo kidogo tu na jino litaingia kwenye kidole chako huku wewe ukiamini umemdhibiti. Glovu za kitambaa hazisaidii, za ngozi nyembamba pia hazisaidii. Wengi wanaoumizwa naye ni waliomshika kwa kudhani ni ndumilakuwili, au waliomkanyaga peku wakienda chooni. Maumivu huwa makali mara moja, mkono huvimba, na kidole kinaweza kuwa cheusi na hata kukatwa. Kuua mtu mzima ni nadra. Lakini dawa ya sumu ya nyoka inayotumika kwa nyoka wengine wa Afrika haina nguvu juu ya sumu yake, kwa hiyo tiba ni dawa ya maumivu, uangalizi na usafi wa kidonda.

Namna ya kumtambua bila kumgusa: ukimulika tochi, mara nyingi hukunja shingo na kuibana pua yake sakafuni, kichwa kikielekea chini kama upinde. Ndumilakuwili hafanyi hivyo, hukimbilia ufa. Hata hivyo msisubiri dalili. Nyoka yeyote mdogo, mweusi, anayeng'aa, asiguswe kwa mkono, na watoto waambiwe hivyo kwa maneno hayohayo.

Waliobaki tutawapitia haraka. Nyoka wa kahawia wa majumbani, mwenye mstari mweupe unaopita kwenye jicho, hana sumu, huwabana panya kama chatu mdogo, na kusema kweli anafanya kazi ya paka bila kudai maziwa. Yule wa kijivu cha kijani mwenye mdomo mweupe, anayetanua kichwa akikasirika, hula vyura. Hana madhara kwa mtu. Mfupi mnene kidogo, wa kijivu au kahawia, mwenye alama ya V kichwani, naye hula vyura, ila ana sumu: huumiza na kuvimbisha, mara chache sana huhatarisha maisha. Wa kijani mwembamba anayepanda ukuta mchana kufuata mijusi mara nyingi hana neno, lakini kwa kuwa wapo nyoka wa miti wa kijani wenye sumu kali, asichezewe.

Halafu kuna watoto wa wakubwa. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, huzaa watoto hai, 20 mpaka 40 kwa mkupuo, kila mmoja sentimeta 15 hadi 20, na kila mmoja ana sumu tangu saa aliyozaliwa. Swila mdogo vilevile, na hutema mapema. Usiseme "ni katoto tu". Swila ana tabia nyingine inayojulikana: huingia nyumbani usiku kufuata panya na vifaranga, na huwauma watu waliolala, hasa waliolala chini kwenye mkeka.

Tuje kwenye kinga. Wengi wetu tumeshashauriana kumwaga mafuta ya taa kwenye tundu la bafu, oili chafu kuzunguka nyumba, unga wa salfa mlangoni, vitunguu saumu dirishani na vidonge vya kuulia nondo kabatini na kwenye pembe. Salfa na vidonge vya nondo vimejaribiwa na watafiti, na nyoka walipita. Nyoka hunusa kwa ulimi. Hubeba chembechembe na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho kwenye paa la mdomo, na kinachomvuta huko ndani ni harufu ya panya au mjusi. Harufu kali ya kitu kingine haimfuti panya. Mafuta ya taa hukauka, bafu likabaki na hatari ya moto kwa anayeingia na kibatari, na mafuta yakashuka kwenye shimo lililo jirani na kisima. Vidonge vya nondo ni vibaya zaidi. Mtoto akivimeza, au akivuta mvuke wake usiku kucha, vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa wale wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo imeenea katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtu ananunua sumu ya kumtia mwanawe upungufu wa damu ili amfukuze nyoka asiyekuwa na meno.

Fedha hiyo itumike kuziba. Kanuni ni moja: mahali penye kupita kichwa, mwili utafuata. Nyoka mwenye unene wa penseli hupita kwenye tundu la milimita 7 au 8. Kwa hiyo kila uwazi unaozidi milimita 6 uhesabiwe kuwa mlango. Ndumilakuwili atapita hata kwenye milimita 4, lakini huyo tumeshakubaliana apite salama.

Uwazi mkubwa kuliko wote upo chini ya mlango, na mafundi wetu huuacha wa sentimeta 2 au 3 makusudi ili mlango usikwame mbao zikivimba masika. Chukua tyubu kuukuu ya gari, ioshe, ikate kipande chenye urefu wa mlango na upana wa sentimeta 8. Sentimeta 5 zikae juu ya ubao, 3 zining'inie zikunjwe kidogo na sakafu. Usipigilie misumari moja kwa moja kwenye mpira, utachanika baada ya wiki mbili; weka juu yake fito nyembamba ya ubao, kisha piga misumari ya inchi 1 kila baada ya sentimeta 10. Mlango ukifunguka kwa ndani, mpira ukae upande wa ndani, la sivyo utakwama kwenye kizingiti kila unapofungua na watoto wataung'oa. Mlango wa chuma utobolewe na kufungwa kwa boliti ndogo na nati.

Kosa linalorudiwa ni pembeni. Fundi hupima katikati, akaridhika, akaacha sentimeta moja wazi upande wa bawaba na sentimeta moja upande wa kitasa. Nyoka hatembei katikati ya baraza. Hufuata ukingo wa ukuta, akifika mlangoni anafika kwenye pembe, na pembe ndiyo uliyoiacha. Mpira upite mpaka mwisho, hata ukisugua fremu. Na sakafu ikiwa na mabonde, mpira hugusa vilima tu. Bora kumwaga kizingiti cha zege cha sentimeta 3 hadi 5 kilichosawazishwa, mpira ukakutana nacho.

Nyufa za ukuta wa tofali za kuchoma zizibwe kwa saruji moja kwa mchanga nne. Kwanza kwangua vumbi na uloweshe ufa. Tofali kavu hufyonza maji ya plasta, plasta husinyaa, na mwezi wa pili ufa unafunguka kando ya kiraka, umejificha vizuri zaidi kuliko ulivyokuwa. Ukuta wa udongo usitiwe saruji hata kama fundi anasisitiza. Saruji haishikani na udongo, hubanduka kipande kizima baada ya msimu mmoja na kuacha mfuko nyuma yake, nyumba nzuri kabisa ya nyoka. Tumia udongo wa kichuguu, ndoo mbili kwa moja ya mchanga, na nyasi kavu zilizokatwakatwa urefu wa kidole. Tabaka la kwanza litapasuka likikauka, huo ndio utaratibu wake; lisubiri likauke, ndipo upige la pili. Ila kichuguu unachokichimba kiwe mbali na nyumba, na ukichimbe kwa jembe mchana, si kwa mikono, kwa sababu ya yule tuliyemweleza hapo juu.

Pale bomba linapopenya ukutani, sindilia waya wa kusugulia sufuria kisha funika kwa saruji. Matambara na makaratasi ni kazi bure, panya huyatoa usiku huohuo. Uwazi kati ya ukuta na bati, kwenye kenchi, wengi huuziba kwa wavu wa kuku. Matundu yake ni makubwa. Nyoka mdogo hupita na mkubwa kiasi hunasa katikati na kufia hapo juu ya dari. Unaofaa ni ule wavu wa chekeche ambao mafundi hutumia kuchekecha mchanga, wenye matundu ya milimita 5 au 6. Hewa itapita, popo hatapita, nyoka hatapita. Matawi ya mwembe yanayolala juu ya bati yakatwe yawe mbali na paa kwa angalau meta 2. Tunajua mwembe Tabora ni kama ndugu, hatujasema ukatwe shina.

Tundu la bafu lina shida yake. Ukiweka wavu wa mbu, nywele na sabuni huuziba ndani ya siku nne, maji yakatuama, mtu akaung'oa kwa hasira na hakuurudisha. Weka chujio la chuma lenye matundu ya milimita 5, lililokazwa, na usiku lifunike kwa kigae kizito. Sinki lenye bomba lililopinda na kubakisha maji lina kinga tayari, mradi litumike. Chumba cha wageni kisichotumika miezi mitatu, maji ya kwenye kipindo hukauka na njia inakuwa wazi. Mimina kikombe kila wiki.

Nje, fyeka nyasi meta 2 au 3 kutoka ukutani. Uwanja uliofagiwa ukawa mweupe, kama walivyoufanya bibi zetu, una faida mbili: nyoka hapendi kuvuka mahali pa wazi, na akivuka asubuhi utaona mchirizi wake. Kuni zikae juu ya kichanja, sentimeta 30 kutoka ardhini na mbali na ukuta. Tofali zilizobaki kwenye ujenzi zisiegemezwe nyumbani kwa miaka mitano zikingoja chumba cha nyongeza. Magunia ya nafaka yawekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupitisha mkono na fagio. Taa ya barazani izimwe au ihamishiwe kwenye nguzo ya uani. Wadudu wakihama, mjusi kafiri atahama, na anayemla mjusi naye atahama.

Kitandani kuna kinga ambayo serikali imekuwa ikiigawa kwa ajili ya kitu kingine. Huko Nepal ilionekana kwamba wanaolala ndani ya chandarua huumwa na nyoka usiku kwa nadra kuliko wasiotumia. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, si kuning'inia tu. Wanaolala chini, kichomekwe chini ya mkeka; hao ndio wanaokihitaji zaidi. Mablanketi yaliyogusa sakafu ni ngazi.

Nyoka akishaingia, jambo la kwanza ni kutoa watoto na mbwa, la pili ni kutompoteza machoni. Mtu mmoja asimame meta 2 au 3 na tochi, amwangalie tu. Mwingine afunge milango ya vyumba vingine na kuziba chini yake kwa taulo. Kama ni mdogo na yuko sakafuni, vaa viatu vya kufunika mguu, ilaze ndoo ya lita 20 ubavu mbele yake, mdomo ukigusa ukuta, na kwa fagio refu msukume taratibu akifuata ukuta aingie. Ataingia, kwake ile ni pango. Isimamishe ndoo kwa kutumia fagio, si kwa kuinama juu ya mdomo wake, funika, weka jiwe. Mpeleke kichakani mbali na nyumba za watu na uilaze ndoo kwa mti mrefu. Kama ametanua shingo, ni mnene na mfupi, au hujui ni nani, mfungie chumbani na muite afisa wanyamapori wa wilaya au mtu mwenye ujuzi. Hapa kwetu na Usukumani bado wapo wafuasi wa Bayeye, chama cha jadi cha wacheza nyoka, na baadhi yao wanajua kumshika nyoka kuliko wengi waliosoma. Dawa zao za kunywa na kuchanja ni habari nyingine.

Anayeamua kumuua ajue kwamba ajali nyingi hutokea hapo, mtu amekaribia na kafimbo kafupi. Na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda, hivyo kisiokotwe kuonyeshwa majirani.

Swila akitema machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zimefunguliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa.

Akiuma: vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Mlaze mgonjwa, asitembee, mguu au mkono ufungwe kwenye kipande cha ubao kama aliyevunjika, ili usicheze. Usifunge kamba ya kukaza. Inaua nyama chini yake, na kwa kifutu au swila nyama hiyo tayari iko hatarini. Usichanje, usinyonye, usiweke umeme wa betri ya gari, usiweke barafu. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo mara nyingi ni mfupa uliochomwa, hunata kwenye kidonda kwa sababu linafyonza unyevu na si kwa sababu linavuta sumu. Sumu imeshaondoka hapo. Kosa lake kubwa ni saa mbili linazokula huku mgonjwa akiwa bado Ulyankulu.

Usafiri ukiwa ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, nyuma yake mtu wa kumshikilia. Mshikaki ni kosa la barabarani, lakini kwa safari hii hata trafiki atawaelewa. Akianza kutapika au kope kulegea, alazwe ubavu wa kushoto. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, ikikosekana basi eleza rangi, unene na alichofanya. Andika saa aliyoumwa. Hospitali wanaweza kuchukua mililita 2 za damu, kuziacha kwenye chupa kavu ya kioo kwa dakika 20 na kutazama kama imeganda. Msishangae kuona muuguzi anasubiri, hajasahau. Na mtoto akihitaji dawa ya sumu ya nyoka hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakupunguza sumu kwa kuangalia umri.

Dawa hiyo haipo kila zahanati. Kabla ya Novemba, mtu aulize kituo chake: je, mnayo, na kama hamna, ya karibu iko wapi? Namba ya simu ya hapo ibandikwe nyuma ya mlango. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kwa mwaka duniani. Wengi ni wa vijiji kama vyetu, na wengi walianza safari wakiwa wamechelewa.

Kwako Mhariri tuna ombi moja. Habari za nyoka zikija tena, msiweke picha ya yule mwenye pembe wa Sahara. Wekeni ya yule mdogo mweusi aliyebana pua sakafuni, katika ukubwa wake halisi, ili mama anayefagia saa kumi na moja alfajiri aweze kumlinganisha na alicho nacho mbele ya fagio.

Wasomaji wenu,
Ng'ambo, Tabora